Mistari ya Rahabu Iliyoandikwa kwa Dorkasi

KIJIJI CHA UJAMAA KWEFUNGO
KAMATI YA KAZI NA SHAMBA

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumanne, tarehe 11 Novemba 1975, katika ghala la zamani la magome ya miti ya miwati, kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Kilitangazwa saa tatu.

WALIOHUDHURIA
Ndugu Ramadhani Hoza – Mwenyekiti
Ndugu Paskali Shemhina – Msimamizi wa shamba la kijiji
Ndugu Zuhura Mntangi – Mjumbe
Ndugu Dorkasi Singano – Mjumbe
Ndugu Yohane Shekiondo – Katibu, darasa la nne Misheni, ambaye kwa miaka miwili amehesabu wakulima wa kijiji hiki kila asubuhi ya kazi bila kukosea hata mtu mmoja.

(Wajumbe wanaombwa waifurahie sentensi hiyo ya mwisho mpaka wafike KUMB. NA. 4. Kuanzia hapo ni uongo.)

WALIOITWA
Rahabu wa nyumba ya saba. Silvano wa nyumba ya tisa.

ASIYEHUDHURIA
Ndugu Kristofa, Mweka Hazina. Udhuru: amekwenda kliniki Mlalo. Leo Mlalo ni siku ya gulio.

KUMB. NA. 1/11/75: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliita "Uhuru!" na wajumbe wakaitikia "Na kazi!", isipokuwa Ndugu Paskali aliyeitikia "Na kazi ya nani?" Mwenyekiti alimwomba auweke uchungu wake mpaka ajenda ya pili. Kumbukumbu za Oktoba zilisomwa na Katibu zikathibitishwa upesi sana, maana mvua ilikuwa inapiga bati na hakuna aliyesikia kitu.

KUMB. NA. 2/11/75: FOMU KUTOKA KATA

Mwenyekiti alieleza kwamba kata imeleta fomu moja yenye kichwa cha maneno WATU WASIOJIWEZA. Ina nafasi tano, na inatakiwa irudi Ijumaa. Atakayeandikwa humo atasamehewa kazi ya shamba la kijiji na atapewa debe moja la viazi kila mavuno. Lakini hatakuwa na sauti katika mambo ya shamba, wala hatapata fungu katika matuta mapya yatakayogawiwa Januari.

Mjumbe Dorkasi aliuliza kama ni lazima nafasi zote tano zijae. Mwenyekiti alijibu kwamba fomu haikusema, ila fomu ikirudi tupu kata huuliza maswali, na maswali yakija, anayekwenda kuyajibu kwa miguu ni yeye.

Ndugu Paskali alisema kazi hiyo ameshaifanya. Alitoa karatasi ndani ya kofia. Alisema amefuata daftari la mahudhurio kama lilivyoandikwa na Katibu, hakuongeza la kwake. Jina la kwanza ni Rahabu. Ni kiwete, na tangu Januari daftari halimwonyeshi hata mstari mmoja wa kazi. Huyo aandikwe, ale viazi vyake, apumzike. La pili ni Silvano, lakini huyo hakumtaka kwenye fomu, alimtaka aondolewe shambani kabisa. Ana mabega kama mlango wa ghala hili, na kati ya siku sabini na tisa za kazi ana mistari arobaini na moja.

"Yule ni kupe," alisema. "Anatunyonya mchana."

Mwenyekiti alisema watu hao wawili wako barazani, na kuta za ghala hili zina matundu, kwa hiyo wamesikia yote. Basi waingie.

Waliingia. Mke wa Silvano, Tatu, aliingia pia. Mwenyekiti alimwambia hakuitwa. Tatu alisema, "Shikamoo, Mwenyekiti," akakaa. Mwenyekiti alijibu marahaba, na akishasema marahaba atamtoaje tena?

KUMB. NA. 3/11/75: RAHABU ANATAKA MISTARI YAKE

Kwa faida ya watakaosoma faili hili sisi tukiwa tumeshazikwa, Katibu anaeleza hesabu inavyokwenda. Shamba la kijiji liko ng'ambo ya mgongo wa mlima. Jumatatu na Jumatano kengele ikigongwa, watu hupanda njia moja nyumba kwa nyumba, ya kwanza mbele, ya kumi nyuma, kila mtu na jembe begani. Juu kabisa, kwenye kona, kabla njia haijaanza kushuka, kuna jiwe. Katibu hukaa juu ya jiwe hilo akatazama majembe yakipita, na kila jembe ni mstari mmoja kwa nyumba yake. Mavuno hugawiwa kwa mistari. Sheria hiyo huitwa "jembe begani", na aliyeitunga ni Katibu mwenyewe. Alipigiwa makofi.

Rahabu alisimama kwa fimbo zake mbili. Mwenyekiti alimwambia akae. Alijibu kwamba ameshakaa vya kutosha.

Alieleza kwamba mguu wake wa kulia ulikauka baada ya homa akiwa na miaka minne. Kila mtu analijua hilo na hakuja kusimulia mguu. Amekuja kusema kwamba amekwenda shambani siku sabini na sita. Siku tatu hakwenda: mbili kwa mvua, moja alikuwa anamzika shangazi yake Mtae. Jembe begani hawezi kuweka, kwa sababu mikono yote miwili imeshika fimbo. Jembe lake hubebwa na jirani yake, Dorkasi, ambaye ana mwendo wa haraka na hutangulia nalo. Yeye hufuata nyuma. Akifika hukaa chini, akalima akijisogeza kwa makalio kufuata tuta, mpaka kengele ya kurudi.

Ndugu Paskali alisema kulima kwa kukaa si kulima.

Mjumbe Zuhura alimuuliza Ndugu Paskali mwaka huu ameteleza mara ngapi kwenye mteremko ule. Ndugu Paskali alisema swali hilo haliko kwenye ajenda. Mjumbe Zuhura alisema yeye amemhesabia mara nne, moja akiwa na kikapu cha mbegu, na viazi vikakimbia mpaka mtoni. Rahabu hajateleza hata siku moja. Ameshakaa, ateleze aende wapi?

Rahabu alisema: "Kiwete niiteni, sikatai, mguu mnauona. Lakini kiwete ni huo mguu. Msije mkauandika mguu kwenye fomu mkaniandika na mimi mzima."

Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba debe la viazi si jambo baya. Rahabu alijibu kwamba viazi anavyo. Hata maharage ya Agosti aliyapata, Dorkasi alimletea kwa mlango wa nyuma akasema ni zawadi.

"Mimi sitaki zawadi ya maharage niliyoyalima mwenyewe," alisema. "Nataka mistari yangu. Januari matuta yakigawiwa nataka kuitwa jina langu, nije, nichague nalotaka."

Aliendelea kusema kwamba mara mbili alimwendea Katibu kumuuliza kwa nini hana mstari. Mara zote mbili Katibu alimjibu neno moja: "Sikukuona." Alirudi nyumbani akalia kwa hasira. Mtu unapita mbele ya jiwe, fimbo mbili zinagonga mawe ko, ko, ko, halafu mzee mzima anakuambia hakukuona! Alisema hajawahi kutukanwa vile, na ametukanwa na wengi.

Wajumbe walimtazama Katibu. Katibu alikuwa anaandika.

KUMB. NA. 4/11/75: DAFTARI LINASOMWA

Mjumbe Zuhura aliomba daftari la mahudhurio. Katibu alieleza kwamba daftari la Katibu hukaa kwa Katibu.

"Babu," alisema Mjumbe Zuhura, "nimemaliza kisomo cha watu wazima mwezi wa nane. Tangu hapo nimesoma karatasi za sukari zote na matangazo yote ya mnada. Nipe kitu kipya nisome."

Daftari lilitolewa. Katibu anapenda ijulikane kwamba hajawahi kukipinga kisomo cha watu wazima mpaka siku hiyo.

Alisoma taratibu, kwa kidole. Nyumba ya saba, Rahabu: hakuna. Nyumba ya sita, Dorkasi, mjane anayeishi yeye na paka: mistari mia moja hamsini na tano. Kidole kikasimama. Aliuliza siku za kazi tangu Januari ni ngapi. Mwenyekiti alisema sabini na tisa. Aliuliza kama Dorkasi alilima pia siku ambazo Mungu hakuziumba.

Katibu alitakiwa kueleza. Alieleza kwamba alidhani Dorkasi ana mgeni.

"Mgeni wa miezi kumi?" aliuliza Mwenyekiti.

Katibu alisema wageni wengine ndivyo walivyo.

Hapo Mjumbe Dorkasi alianza kulia, mara akacheka, kisha akatoa yote. Alisema siku zile za mwanzo hakujua. Aligundua sherehe za Saba Saba, alipopewa doti ya khanga kwa kuwa mkulima hodari wa kijiji, akasomewa idadi ya mistari yake mbele ya watu. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, ulimi wake ukakataa. Ndipo mavuno ya Agosti akagawa maharage kwa bakuli, lake, la Rahabu, lake, la Rahabu, akapeleka kwa mlango wa nyuma.

"Lakini khanga nimeivaa," alisema.

Rahabu alisema ya maharage alikuwa ameyahisi, ya khanga ndiyo anayasikia leo. Alisema doti ni vipande viwili. Dorkasi alimwambia achague kipande akipendacho. Rahabu alisema atachukua kile ambacho hakijamwagikiwa chai. Kikao hakikuwa na habari kwamba kuna kilichomwagikiwa chai.

Mjumbe Zuhura hakuwa amemaliza. Alisema kuna neno ambalo mwalimu wao wa kisomo aliwafundisha wiki ya pili, "ukungu", na katika daftari hili neno hilo limejaa pembeni kama magugu. Jumatatu ukungu. Jumatano ukungu. Alikubali kwamba Kwefungo ina ukungu, hakuna asiyejua. Kisha alifungua tarehe 3 Septemba, akamwomba kila mjumbe akumbuke siku hiyo ilikuwaje.

Kila mjumbe alikumbuka. Ni siku ile kulipokucha kweupe mpaka kazi ikasimama yenyewe. Watu waliweka majembe chini wakautazama mlima Kilimanjaro na theluji yake, kule mwisho wa nyika, na watoto wa shule wakaletwa kuuona. Ndugu Paskali, ambaye hasimamishi kazi hata kwa msiba, alivua kofia.

Mjumbe Zuhura alisoma: "Tarehe 3 Septemba. Ukungu mzito."

Katibu aliomba kusema. Alieleza kwamba vya karibu anaviona sawasawa: herufi anaziona, uzi anautia kwenye sindano, na kama kuna mjumbe mwenye chawa kwenye kola atamwambia kwa siri. Tatizo ni mbali. Mbali kumekuwa kukimwondokea miaka mitatu sasa. Ilianza milima ya ng'ambo, zikafuata nyumba, zikafuata sura za watu. Akiwa jiweni alichokiona ni vijiti vyeusi vikipita angani, basi akahesabu vijiti. Ndipo akatunga sheria ya jembe begani, na watu wakaisifu kwamba inaleta nidhamu. Mtu akikosekana daftarini, alisingizia ukungu, na kwa milima yetu hii nani atakubishia? Alipomwambia Rahabu "sikukuona" hakuwa anamtukana. Alikuwa anasema kweli, pengine mara pekee mwaka huu.

(Sentensi ile ya mwanzo juu ya Katibu sasa ifutwe. Ipigwe mstari mmoja mwembamba, ili iendelee kusomeka.)

Rahabu alimtazama Katibu kwa muda. Alikuwa hatua mbili tu, kwa hiyo Katibu alimwona akitazama.

"Miezi kumi nakuchukia bure, Mzee Yohane," alisema.

Katibu alimjibu kwamba asiiharibu chuki nzuri namna hiyo, aitafutie sababu nyingine, zipo. Rahabu alicheka mpaka fimbo moja ikaanguka.

Ndugu Paskali hakucheka. Alisema kama ni hivyo basi fomu imepata mtu: aandikwe Yohane Shekiondo, haoni, hajiwezi.

Katibu alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema yeye anajiweza. Alisema amejenga nyumba tatu na kulea watoto saba, na huyo Paskali ndiye aliyemfundisha kushika shoka. Alisema hakuna atakayemwandika kwenye karatasi ile bila kumuuliza, akiwa mzima, amekaa hapa hapa, ana mdomo wake. Aliyasema hayo kwa sauti kubwa. Kisha akayasikia aliyoyasema, akakaa.

"Endelea, Mzee," alisema Rahabu. "Unanisemea vizuri."

KUMB. NA. 5/11/75: SILVANO

Mwenyekiti alisema sasa amebaki mtu asiye na fimbo wala ukungu. Silvano aeleze, siku thelathini na nane alikuwa wapi?

Ndugu Paskali alidakia kwamba hata hizo arobaini na moja ana shaka nazo. Mtu huyu hupita jiweni na jembe lake kama mwanamume, na katikati ya kazi huliweka chini, hashiki tena, anashuka bondeni bila neno. Mwezi wa sita alimfuata akamkuta kwenye majani mchana kweupe amelala, mate yanamtoka kama mtoto aliyeshiba.

Tatu alianza, "Mume wangu huyu..." Silvano alimgusa mkono. Alisema atasema mwenyewe.

"Naanguka," alisema.

Alieleza kwamba ana kifafa tangu ujana. Kabla hakijaja hupata habari yake: husikia harufu ya nywele zinazoungua, na hapo hakuna nywele wala moto. Akiisikia anao muda kidogo wa kuweka jembe chini na kushuka mpaka penye tambarare. Mteremko ule watu wamepangana juu na chini, akianguka na jembe mkononi ataua mtu. Siku akiamka na kichwa kizito hatoki kabisa. Aliyekutwa na Ndugu Paskali mwezi wa sita hakuwa amelala. Alikuwa anarudi.

"Unarudi kutoka wapi?" aliuliza Ndugu Paskali.

"Ningepajua ningekuambia, bwana mgosi."

Katibu anarekodi kwamba Ndugu Paskali alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Katibu anarekodi pia kwamba yeye mwenyewe alisogeza cha kwake, akaona haya, akakirudisha.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Silvano alijibu kwamba kupe watu humtukana, lakini bado wanamkaribisha kula. Mwenye kifafa hutengewa bakuli lake. Alipiga hesabu, akaona heri awe kupe.

Rahabu aliomba kusema. Alisema neno hilo aliyelianza ni yeye. Mwezi wa tatu, mtoni, wanawake wanafua, alimwona Silvano amekaa mlangoni kwake na miguu yake miwili mizima, wakati yeye ametoka kujiburuta siku nzima bila mstari, roho ikamuuma, akasema, "Tazameni kupe." Lilikuwa tamu, likatembea.

"Nalirudisha neno langu, Silvano," alisema.

Silvano alisema amelipokea. Aliongeza kwamba, pamoja na hayo, asiandikwe karatasi moja na Rahabu popote pale, kwa sababu hawafanani kwa lolote, na Rahabu akiimba shambani kichwa kinamwuma kuliko siku ya kuanguka. Rahabu alisema na yeye anamshukuru Mungu kwa huko kutofanana.

Mjumbe Dorkasi aliuliza, kama anayeuliza njia ya kwenda Shume, "Sasa tukikukuta, tufanye nini?"

Tatu alisema hajawahi kuulizwa hivyo.

"Ondoeni jembe na mawe," alisema Silvano. "Nilazeni ubavu. Msinikandamize, msinitie kitu mdomoni. Ngojeni. Nikifumbua macho msinitazame kama maiti aliyeamka. Niambieni tu ni saa ngapi."

"Na msimwache peke yake," alisema Tatu.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba Tatu hakuitwa. Alisema maneno yake yaandikwe. Yameandikwa.

KUMB. NA. 6/11/75: JIWE NA DAFTARI

Mabishano yaliyofuata Katibu ameyafupisha, kwa kuwa wino ni wa kijiji. Iliazimiwa kwamba kuanzia kesho wahesabiwe watu, siyo majembe. Mtu akipita mikono mitupu na jembe lake limetangulia, ni mtu. Mistari sabini na sita iliyoandikwa kwa Dorkasi ihamishwe kwa Rahabu, naye ahesabiwe kati ya watakaochagua matuta Januari. Silvano apewe vitalu vya mbegu kule chini penye tambarare, kazi ambayo wengine wameikimbia kwa ajili ya matope. Alisema matope hayamtishi, ameshakula ya kutosha. Siku ya kichwa kizito ihesabiwe kama homa ya mtu mwingine yeyote, mradi Tatu alete habari.

Ndugu Paskali alitaka kujua nani atathibitisha kwamba kichwa ni kizito kweli. Mwenyekiti alimuuliza nani alithibitisha kiuno chake mwezi wa nne. Azimio lilipita.

Likabaki suala la nani atakaa jiweni, maana Katibu hakuna aliyemtaja tena. Mwenyekiti alipendekeza Rahabu. Macho yake ni ya kunguru, na kusoma aliwahi kufika darasa la tatu.

Rahabu alisema hakuja kuomba jiwe. Alisema anaijua hila hii: mtu anapewa mahali pa kukaa ili asionekane akilima. Kama ni kuhesabu, atatoka nyumbani kabla ya kengele, atawahi kona, atahesabu wakipita, na wa mwisho akishapita atashuka nyuma yao kulima kama kawaida. Na mstari wa kwanza kila siku atauandika wake. Wajumbe walikubali. Mjumbe Zuhura aliomba awe anakagua daftari kila Jumapili. Hakuna aliyethubutu kukataa.

Ndugu Paskali aliomba maneno yake yaandikwe yalivyo, nayo ni haya: "Mimi nimesema. Viazi vikioza ardhini msinitafute."

KUMB. NA. 7/11/75: FOMU ILIVYOJAZWA

Mwenyekiti alikumbusha kwamba Ijumaa haijafutwa. Ndugu Paskali alisema yupo mmoja ambaye hapo hapana ubishi: Bi Mwanamisi, hajatoka kitandani tangu masika. Katibu alikwishaandika M-W-A-N, Rahabu akauliza, "Ameulizwa?"

Katibu aliweka kalamu chini.

Mjumbe Zuhura alitumwa, nyumba ikiwa ya pili kutoka ghalani. Alirudi baada ya muda akitafuna muwa aliopewa huko, akaleta majibu. Bi Mwanamisi amesema aandikwe, viazi anavitaka, na debe lijazwe mpaka kilele, lisilazwe fimbo juu. Tena iandikwe kwamba yeye ndiye mkunga aliyewapokea nusu ya wajumbe wa kamati hii, na kwamba Paskali alitanguliza miguu, na tangu siku ile hajabadilika. Kuhusu sauti katika mambo ya shamba, amesema sauti yake anayo, na anayetaka kuisikia aende.

Iliazimiwa fomu irudi na jina moja, kwa ridhaa ya mwenyewe, na maelezo nyuma yake kwamba wengine wa Kwefungo wameulizwa wakakataa. Mwenyekiti alisema atakwenda kuyajibu maswali ya kata. Hakuonekana kuhuzunika. Mjumbe Zuhura alimpa muwa uliobaki awe nao njiani.

KUMB. NA. 8/11/75: MWISHO WA KIKAO

Mvua ilikatika, njaa ikashika nafasi yake. Mwenyekiti aliwaachia wajumbe waende saa nane na robo mchana, wakatoka pamoja. Kabla ya hapo Ndugu Paskali aliinama chini ya benchi, akaiokota fimbo ya Rahabu iliyoanguka, akamkabidhi.

Sahihi: R. Hoza, Mwenyekiti
Sahihi: Y. Shekiondo, Katibu

Nyongeza ya Katibu, Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Jana Rahabu alikaa jiweni mara ya kwanza. Yeye hahesabu kimya kama nilivyokuwa mimi, anaita. Anamwita mtu jina lake na mtu anaitikia "Nipo." Dorkasi aliitikia mara mbili kwa mazoea, watu wakacheka mpaka nyumba ya kumi. Silvano aliitikia kabla hajaitwa. Paskali alipita kimya, akaitwa, akaitwa tena, watu wote nyuma yake wakasimama, akaitwa mara ya tatu, ndipo akasema "Nipo," kwa sauti niliyoisikia mimi niliyekuwa bado huku chini migombani.

Nami nilipanda na jembe, baada ya miaka miwili ya jiwe, na kiuno changu hakijanyamaza tangu hapo. Nilipokaribia kona nilingoja jina langu. Halikuitwa. Nilimuuliza baadaye, akaniambia ameniandika kimya kimya, kwa heshima, mzee haitwi kwa kelele.

Sasa, binti yangu Rahabu, wewe ndiwe unayekaa na faili hili wiki hii, kwa hiyo nakuandikia humu. Gunia unalolikalia pale jiweni ni langu, sikulidai. Penseli ni yangu. Jiwe lenyewe nimelilainisha kwa makalio yangu mwenyewe miaka miwili. Kwa hayo matatu nakudai kidogo. Kona ile upande wa kushoto ina korongo, na mimi korongo silioni, naona ukungu, na safari hii si wa kusingizia. Nikiwa bado kwenye mgomba wa mwisho, niite. Sema "Yohane!" kwa sauti ile ile unayomwitia Paskali, usiilainishe, nijue jiwe liko wapi na njia iko wapi. Shikamoo utanipa tukirudi. Asubuhi niite tu.